Karatasi Tatu za Stoo

Ipagala, Jumamosi alasiri

Zubeda mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi, wewe na shikamoo yako, mimi na marahaba yangu, kwa hiyo nisijifanye kama nakuandikia kutoka ng'ambo. Umeenda Ihumwa kuagana na mama yako mdogo na umesema utarudi baada ya magharibi. Namjua shemeji yangu, hatakuachilia mpaka ule ushibe kisha akufungie na vya njiani. Basi nina saa chache. Nimechukua kigoda cha marehemu mama yako nimekuja kukaa humu jikoni kwake, nimepindua beseni kubwa nimelifanya meza, naandika.

Kesho unapanda treni ya Kigoma kwenda kuanza kazi. Muuguzi mzima, na kituo chako cha afya kinakusubiri. Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za kuchagua watu wa kukaa nao. Hayo mama yako mdogo anakuambia sasa hivi, na kwa sauti kubwa kuliko yangu. Mimi nataka kuandika juu ya lile uliloniambia jana, na jibu nililokupa.

Jana baada ya sala ya Ijumaa tulikwenda kaburini kwa mama yako. Tuliporudi ulitandika mkeka barazani, ukakaa chini, ukaushika mkono wangu. Mama yako ndiye aliyekufundisha kwamba mtu hasafiri bila radhi ya mzazi. Ukaniomba radhi kwa ukaidi wako wa sekondari. Ukaniomba radhi kwa kuikataa kemia, jambo ambalo kwa kweli nilikuwa nimeshalisahau. Kisha ukainamisha kichwa ukasema, "Na zile karatasi zako za kazi, baba. Zile nilizozichafua nikiwa mdogo. Nilikuwa nasema sijagusa, lakini siku hizi nafikiri labda niligusa nikasahau. Unisamehe."

Nami nikasema, "Radhi nimekupa, mwanangu. Yamepita."

Ukanibusu mkono, ukaenda kuinjika chai. Mimi nikabaki pale barazani na huo mkono wangu kama si wangu. Tangu hapo chakula hakipiti. Ulidhani ni kwa sababu unaondoka, ukanitania kwamba wanaume wa Kondoa huwa hawalii ila hususa kula. Nilicheka kidogo, uliona. Ila haikuwa safari yako, Zubeda. Nilikuwa nimekusamehe kosa ambalo hukulifanya, na nilijua hivyo wakati mdomo wangu unatamka.

Sasa nianze mwanzo, maana wewe ulikuwa na miaka tisa na mengine yalipita juu ya kichwa chako.

Unajua kazi yangu, au unaijua kama majirani wanavyoijua, ndiyo maana mtaani naitwa Profesa Vumbi. Natafuta chembe zinazoelea hewani, ndogo kiasi kwamba jicho halizioni wala pua haizizuii, zikiingia kifuani zinakwenda mpaka chini kabisa na huko zinakaa. Nilianza kuzipenda nikiwa kijana Kondoa, nikitazama makorongo mekundu na ule udongo unaopeperuka kila kiangazi, nikijiuliza unakwenda kuishia wapi. Namna ya kuzikamata ni rahisi kuieleza. Unaweka pampu ndogo inayovuta hewa, hewa inapita kwenye karatasi nyeupe ya duara, chembe zinabaki juu ya karatasi. Unaipima karatasi kabla na baada kwenye mizani ya maabara, na kilichoongezeka ndicho ambacho watu wa mahali pale wanavuta.

Mwaka ule nilikuwa bado sijapata uprofesa. Nilikuwa mhadhiri mwenye suruali mbili na kiburi cha mtu mwenye suruali kumi. Niliweka pampu Ihumwa, ambako malori na ujenzi vilikuwa vinatimua vumbi kutwa. Nikaweka nyingine Zuzu, kandokando ya reli, ambako kuna upepo na mashamba makavu. Na kila kazi ya namna hii inahitaji mahali pa kulinganishia, mahali pasipo na vumbi, ili useme hii ndiyo hewa safi na ile ndiyo chafu. Nikatafuta mji mzima. Mwisho nikachagua nyumbani kwangu. Nikachagua stoo yetu, kwa kuwa haikuwa na dirisha.

Stoo unaikumbuka. Imeshikana na jiko hili nililokaa, na ukuta wa katikati haukufika kwenye bati. Hapa nilipo nikiinua macho naona ule uwazi, na mbao za juu yake zimekuwa nyeusi kama sufuria. Mtu yeyote angeuona. Mama yako alikuwa akianza kukaanga vitumbua kabla ya adhana ya alfajiri, kwa kuni, maana alisema mkaa moto wake ni mzito wa kuamka. Vitumbua vile ndivyo vilivyotulisha nikiwa masomoni, na sikuwahi kumshukuru ipasavyo kwa sababu niliona aibu kwamba mke wa mhadhiri anauza vitumbua. Hilo nalo nalisema leo.

Na kuna jambo la dirisha. Hili hulijui kabisa.

Jiko hili lilikuwa na dirisha, upande wa mashariki, kubwa tu. Kiangazi kimoja kabla sijaweka pampu stoo, mwezi wa tisa, upepo ulikuwa haukamatiki, na wateja wakaanza kulalamika kwamba vitumbua vina mchanga. Mimi mwenyewe nilitafuna mchanga asubuhi moja nikatema. Mama yako akaniuliza afanyeje. Alikuwa ananiuliza kama mtaalamu, Zubeda, si kama mume. Mimi nikachukua kipande cha bati, nyundo na misumari, nikaliziba dirisha lote. Akasimama nyuma yangu na unga mikononi, akasema, "Sasa moshi utapita wapi?"

Nikamwambia, "Utapita mlangoni."

Akasema, "Haya, mwenye hewa kasema," akacheka, akarudi kwenye chuma chake cha vitumbua. Mlango aliuegesha ukabaki wazi kidogo, na upepo ukizidi aliufunga. Nilikuwa na elimu yote ile ya chembe za hewani, lakini akili yangu ilikuwa imesimama kwenye vumbi la nje. Vumbi ndilo lililokuwa linanipa safari na mihadhara. Moshi wa jikoni kwangu niliuona ni mambo ya akina mama. Majirani walipomuuliza mbona ameziba dirisha, mama yako aliwajibu kwa fahari kwamba mume wake ndiye anayejua hewa.

Karatasi ya kwanza ya stoo ilitoka nyeusi.

Vumbi la Dodoma ni jekundu, ukiweka karatasi Ihumwa inarudi na rangi ya tofali. Hii ilikuwa nyeusi, na nilipoipeleka kwenye mizani ilikuwa nzito kuliko za Ihumwa na za Zuzu zote. Mkemia anayeona nyeusi namna ile, aliyefundishwa nilivyofundishwa, anajua ni masizi. Sikuwa mjinga. Nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya kazi yangu, na ndani yake nyumba yangu ilikuwa ndiyo mahali safi. Nikatafuta mtu wa kulaumu, na wewe wakati ule ulikuwa na mchezo wa kuchora ng'ombe na treni kwenye sakafu kwa vipande vya mkaa. Vidole vyako vilikuwa vyeusi kila siku. Ikawa rahisi sana.

Nikakuita. Ukasema, "Sijagusa, baba." Nikakuonya, nikaweka karatasi ya pili, nikafunga stoo kwa kufuli. Ya pili ikatoka nyeusi vilevile. Nikasema umechukua ufunguo. Ukasema, "Wallahi sijagusa, baba." Mama yako akaingia anapangusa mikono kwenye khanga, anakohoa kile kikohozi chake kidogo tulichokuwa tumekizoea, akasema, "Baba Zubeda, mtoto kasema hajagusa."

Nikamjibu, "Basi karatasi imejipaka yenyewe?"

Nilisema hivyo mbele yako, kwa kejeli, kwa mtu aliyeamka saa kumi alfajiri ndani ya moshi ule ule. Kisha nikachukua rula yangu ya chuma nikakuchapa mkono wa kulia, mara tatu. Hukulia. Ulinitazama tu. Mimi nilidhani ni ujeuri. Leo najua ulikuwa unangoja nikumbuke kwamba wewe hukuwa mtoto wa kusema uongo.

Ya tatu ilipotoka nyeusi sikukuita tena. Nilifungua daftari la kazi, mahali pa matokeo ya nyumbani, nikaandika, "Zimetupwa. Mtoto amechafua." Nikaitoa nyumba yetu kwenye hesabu. Nikatafuta mahali pengine pa kulinganishia, kazi ikachapishwa, nikapigiwa makofi, na baada ya muda uprofesa ukaja. Mama yako alipika pilau mtaa mzima wakala. Aliipika humu humu, dirisha likiwa limezibwa.

Kuanzia siku ya rula uliacha kuchora. Uliacha na kuniambia mambo yako. Umekuwa binti mwenye adabu, watu wananisifia malezi, lakini kati yangu na wewe kumebaki shikamoo na marahaba, na mimi niliona hiyo inatosha kwa sababu haikunidai chochote.

Kikohozi cha mama yako tuliita vumbi. Kila aliyeuliza nilimwambia ni vumbi la Dodoma, na nani angebishana na Profesa Vumbi? Alipimwa kifua kikuu hakuwa nacho. Akapewa dawa za mzio. Akaanza kupumzika akitoka kisimani, kisha akitoka barazani, kisha akitoka kitandani. Wakati huo wewe ulikuwa chuoni unasomea uuguzi, nami nilikuwa nakuambia kwenye simu kwamba mama yako ni mafua tu. Hilo unalijua na ulinikasirikia kwa haki.

Usilolijua ni siku ile daktari alipotuuliza. Alikuwa daktari binti, umri wako wa sasa au kuzidi kidogo. Aliweka kalamu chini akauliza, "Mama nyumbani anapikia nini?" Swali dogo namna hiyo. Nami nikajibu haraka kabla mama yako hajafungua mdomo, "Kuni, lakini jiko letu liko nje." Ni kweli liko nje ya nyumba. Ni kweli ya mtu anayetaka kudanganya. Mama yako aligeuza shingo akanitazama, kisha akamwambia daktari, "Ndiyo, liko nje." Alinifichia, Zubeda. Hakuwa na pumzi ya kumaliza sentensi, na ile aliyokuwa nayo akaitumia kunisitiri mimi.

Baadaye daktari alisema mapafu yalikuwa yameshachoka siku nyingi na jibu lolote lisingebadilisha mengi. Najua ulisikia hivyo pia, na kwenye kazi yako utayasema maneno hayo kwa watu wengine. Mimi hayajanisaidia. Hata kama kweli yangu isingemponya, alistahili kuisikia ikitoka kwangu.

Siku nne kabla hajafariki tulikuwa wawili tu wodini. Akasema, kwa vipande vipande, "Zile karatasi. Mtoto hakugusa."

Nikasema, "Najua."

Akasema, "Mwambie."

Nikasema nitakuambia. Hii ni miaka miwili sasa. Nilingoja arobaini iishe, halafu nikangoja umalize mitihani, halafu ajira zitangazwe. Jana uliniondolea sababu yangu ya mwisho, ukaiomba wewe radhi ambayo ningepaswa kuiomba mimi, nami bado nikaipokea kama zawadi. Mtu anaweza kusoma mpaka vitabu vikaisha na bado akawa mwoga wa kiasi hicho.

Baada ya mazishi nilifungua sanduku la vipimo vya zamani. Sisi hatutupi karatasi, hata tukiandika kwamba zimetupwa. Nikazikuta zote tatu kwenye visahani vyake vya plastiki, nyeusi kama siku ile. Nikazipeleka maabara, nikafanya nilichotakiwa kufanya ukiwa na miaka tisa. Ni masizi ya kuni, zote tatu. Hakuna mkaa, hakuna alama ya kidole. Niliziweka mezani nikazitazama mpaka nikashindwa kukaa, kwa sababu katika maisha yangu yote ya kupima hewa, hiyo ndiyo hewa pekee ninayomjua mtu aliyeivuta. Ndiyo pumzi yake ya asubuhi zile. Niliipima, nikaiona nzito, nikaiandika kwamba ni uchafu wako.

Utakutana na akina mama wanaokohoa huko unakokwenda. Utawauliza wanapikia nini, naamini utawauliza bila mimi kukuambia. Ila mume akijibu haraka kabla ya mke, mngoje atoke nje, umuulize mama tena. Hilo najua kwa kuwa nilikuwa huyo mume. Na ukipata jibu la kipimo lisilokupendeza, lisumbukie. Mimi kazi yangu yote ilikuwa namba, na ile moja iliyonihusu ndiyo niliyoitoa kwenye hesabu.

Sitaki uniambie kwamba sikukusudia. Watu wengi wamenipa pole ya namna hiyo kwa mambo mengine na inaishia masikioni. Nimekuumiza wewe na nimemuumiza mama yako, na nyinyi wawili ndio mlionipenda kuliko wote. Nikiwa peke yangu humu nalia, kama hukujua. Tena silii kwa kususa chakula.

Leo ulipotoka nilichukua nyundo nikang'oa misumari ya lile bati. Ilikuwa imeshika kutu, mmoja ukanichana kiganja, usishtuke ukiona kitambaa. Dirisha liko wazi. Vumbi linaingia vizuri tu, limeshafunika chuma cha vitumbua na hii barua naipuliza kila mstari. Mwanga ulivyoingia niliona kwenye sakafu ya kona ile, chini ya rafu, ng'ombe mmoja na treni yenye mabehewa matano. Mama yako hakukisugua kipande kile miaka yote hii. Sikujua.

Ndani ya bahasha kuna ukurasa nimeuchana kutoka kwenye daftari langu la kazi, la mwaka ule. Nimeyakata maneno "Mtoto amechafua" kwa mstari mmoja, kama tunavyofundisha wanafunzi, ili la zamani lisomeke chini. Juu yake nimeandika, na jina la mama yako nikalitaja, "Moshi wa jiko la Halima. Mtoto alisema kweli." Nimetia sahihi na tarehe ya leo. Zile karatasi tatu nimezibakiza hapa. Sina haki ya kukubebesha.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii ndani ya begi, katikati ya nguo, uikute Kigoma nikiwa mbali. Kisha nikaona huo nao ni woga uleule. Nitaiweka juu ya begi, uione ukirudi leo. Nitakuwa msikitini. Soma, na kama hutaki kuzungumza nami, usizungumze. Nitagonga mlango asubuhi kwa ajili ya stesheni tu. Muda si mrefu baada ya kuondoka treni itapita Zuzu, na kwenye ule mlingoti karibu na reli pampu yangu bado iko pale. Usisumbuke kuitafuta.

Radhi uliyoniomba kwa zile karatasi nimeifuta, maana haikuwa yako kuiomba. Iliyobaki ni ya mimi kwako, na sijui kama mzazi huwa anaiomba, wala sikumkuta baba yangu akiiomba. Naiomba hivyohivyo.

Kesho pale stesheni usinibusu mkono kama ulivyofanya jana. Nipe wa kwako wa kulia, ule niliouchapa, niubusu mimi. Na kama hutaki, uufunike na mtandio wako. Nitaelewa, nitakubebea begi mpaka kwenye behewa.

Baba yako,
aliyeambiwa kweli akiwa ameshika rula